M.A. ya Mwalimu, karanga za Kongwa na maana ya kusomea historia ya Uingereza

Kila ifikapo Oktoba, Watanzania wanapomkumbuka Mwalimu Nyerere, bishano moja hurudi vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp. Mmoja atasema Mwalimu alirudi kutoka ng'ambo mwaka 1952 akiwa na masta. Mwingine atapinga kwamba ile ilikuwa digrii ya kwanza. Hapo ataibuka wa tatu na ushahidi: shahada aliyopewa na Chuo Kikuu cha Edinburgh ni M.A., na M.A. kila mtu anajua ni masta. Mjadala unafungwa, na yule aliyepinga anabaki ameonekana kama mtu anayemshushia Mwalimu hadhi.

Aliyepinga ndiye aliyekuwa sahihi. Katika vyuo vikuu vikongwe vya Scotland, yaani St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, M.A. ya fani za sanaa na jamii ni shahada ya kwanza. Imekuwa hivyo kwa vizazi na vizazi, na mpaka leo ni hivyo. Mwalimu alisoma pale masomo ya aina nyingi kwa pamoja: uchumi, anthropolojia, falsafa, sheria ya katiba, fasihi ya Kiingereza na, ndiyo, historia ya Uingereza. Ilikuwa shahada pana ya kumfungua mtu akili, na aliitumia vizuri kuliko wengi waliokuwa na shahada tatu.

Nimeanza na hilo kwa sababu vijana wengi ninaokutana nao, wenye hamu ya kwenda kusomea historia Uingereza kwa ngazi za juu, huanza kupotea palepale kwenye majina. Wakishavuka majina, wanakwama kwenye swali zito zaidi: hasa mtu anakwenda kufanya nini? Kukariri wafalme? Na kwa nini mtoto wa Nachingwea au wa Kisii ajishughulishe na historia ya watu wa kule?

Tuanze na ngazi

Shahada ya kwanza tunaijua. Juu yake kuna uzamili, ambao wengine huuita umahiri na mitaani ndio masta. Juu kabisa kuna uzamivu, ile inayompa mtu haki ya kuitwa Daktari. Neno uzamivu limetokana na kuzama, na aliyelichagua alilenga shabaha: mzamivu hashuki majini kupima upana wa bahari, anashuka mahali pamoja mpaka chini.

Njia rahisi ya kuona tofauti ni kufikiria mahakama. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anasoma hukumu zilizokwisha kutolewa: vita ilianza kwa sababu hizi, chama fulani kilishinda uchaguzi kwa sababu zile. Mwanafunzi wa uzamili anakabidhiwa majalada ya kesi hizohizo ili aone hukumu ilifikiwaje, nani aliipinga, na ushahidi gani uliachwa nje. Mwanafunzi wa uzamivu anafungua kesi yake mwenyewe. Mashahidi karibu wote wamekwisha kufa. Kilichobaki ni karatasi, na kazi yake ni kuzihoji mpaka zikubali kusema.

Kwa Uingereza uzamili huchukua mwaka mmoja, Septemba hadi Septemba, na mwaka huo hauna pumzi. Nusu ya kwanza ni semina. Wanafunzi wachache huketi kuzunguka meza, kila mmoja akiwa amesoma vitabu na makala za wiki nzima, na profesa anasikiliza zaidi ya anavyozungumza. Aliyezoea kunakili mhadhara hupata taabu sana hapo mwanzoni. Nusu ya pili ni tasnifu, yaani andiko refu la utafiti wako mwenyewe, mara nyingi maneno kama 15,000. Uzamivu ni miaka mitatu hadi minne kwa anayesoma muda wote, na tasnifu yake hufika maneno 80,000 hadi 100,000. Tofauti na Marekani, ambako mwanafunzi wa uzamivu hutumia kama miaka miwili darasani kabla ya utafiti wenyewe, Uingereza unaingia siku ya kwanza na swali lako mkononi. Una msimamizi, pengine wawili, una maktaba, na una upweke. Mwishoni kuna mtihani wa ana kwa ana: watahini wawili, mmoja wa chuo chako na mmoja wa nje, wanafunga mlango na kukuhoji juu ya kila ulichoandika.

Nyongeza moja juu ya majina, kwa sababu Scotland siyo peke yake inayotuchanganya. Oxford na Cambridge humpa mhitimu wao wa B.A. shahada ya M.A. baada ya miaka kadhaa kupita, bila somo jingine wala mtihani mwingine. Kwa hiyo masta halisi ya pale huwa na jina tofauti: Cambridge wanaiita MPhil, Oxford mara nyingi MSt, na uzamivu wa Oxford ni DPhil. Ukisoma wasifu wa mtu, usitazame herufi tu. Tazama na chuo.

"Uingereza" ni wapi, na "ya kisasa" ni lini?

Hapa Kiswahili chenyewe kinatuponza kidogo. Neno Uingereza limetokana na jina la watu wa England, lakini tunalitumia kwa dola nzima. Mwambie mtu wa Glasgow kwamba yeye ni Mwingereza, utaona uso wake unavyobadilika. Dola hiyo iliunganishwa vipande vipande. Wales iliingizwa katika sheria za England katika karne ya 16. Scotland iliungana nao mwaka 1707, na Ireland mwaka 1801. Kisha sehemu kubwa ya Ireland ikajitoa mwaka 1922, ikabaki Ireland ya Kaskazini. Yaani Muungano wao nao una kero zake, na wanahistoria wanaushughulikia kama sisi tunavyoushughulikia wa kwetu: nani alitaka, nani alilazimishwa, nani alinufaika.

Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja kwa mtafiti. Nyaraka kuu za serikali ziko Kew, magharibi mwa London. Lakini za Scotland ziko Edinburgh, za Ireland ya Kaskazini ziko Belfast, na maktaba ya taifa ya Wales iko Aberystwyth, mji mdogo wa pwani. Nyaraka nyingi za Ireland ya zamani hazipo popote: ziliteketea Juni 1922 Dublin, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anayepanga tasnifu juu ya "Uingereza" bila kujua hilo atafika kwenye kaunta ya London na kuelekezwa kwenye treni.

Kuhusu "ya kisasa", usidhani ni habari za juzi. Mwaka 1724 Mfalme George I alianzisha viti vya uprofesa wa historia ya kisasa Oxford na Cambridge, na "kisasa" wakati huo ilimaanisha kila kitu baada ya Wagiriki na Warumi wa kale. Ndiyo maana katika karne ya 19 William Stubbs, bingwa wa Zama za Kati, alikalia kiti cha historia ya kisasa pale Oxford na hakuna aliyeshangaa. Siku hizi kila idara ina mpaka wake. Wengine huanzia karne ya 18, wengine karne ya 19 na mapinduzi ya viwanda, na wengi husoma hasa karne ya 20. Kabla ya kuomba nafasi, uliza kozi inaanza mwaka gani. Swali hilo dogo limewaokoa watu mwaka mzima wa kusoma wasichokitaka.

Karanga

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na nitachukua mfano ulio karibu nasi.

Wazee wa Kongwa, Urambo na Nachingwea wanaujua mradi wa karanga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini ina njaa ya mafuta. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia vilitolewa kwa mgawo, na Julai mwaka huo hata mkate uliwekwa kwenye mgawo, jambo ambalo halikufanyika wakati wa vita yenyewe. Serikali ya chama cha Labour ikapelekewa wazo: tulime karanga Afrika Mashariki, tukamue mafuta. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na ripoti yenye matumaini makubwa. Zilipangwa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka wa kwanza peke yake zilitakiwa ekari 150,000.

Ekari zilizopandwa mwaka huo hazikufika hata 10,000. Matrekta yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya vita yalikufa moja baada ya jingine. Mibuyu iligoma kung'oka. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye ripoti. Januari 1951 serikali ilitangaza kuacha, na takriban pauni milioni 36 za walipakodi zikafutwa kwenye vitabu. Kusini ilibaki bandari ya Mtwara.

Je, hii ni historia ya Tanganyika au ya Uingereza? Jibu ni zote mbili, na hapo ndipo mwanafunzi wa ngazi ya juu anapopata mlango. Mtu wa shahada ya kwanza ataandika "sababu za kushindwa kwa mradi wa karanga" na kuorodhesha sababu tano. Akiipeleka orodha hiyo kwa msimamizi wa uzamivu, ataulizwa: haya yamekwisha kuandikwa, wewe unaleta nini?

Basi anaanza kupunguza. Mawaziri wa London walikuwa na ripoti tu, au walikuwa na maonyo pia? Waliyapokea lini, na nani aliyaweka kando? Maswali haya yana majibu, na majibu yana anwani. Kumbukumbu za vikao vya Baraza la Mawaziri baada ya 1945 ziko Kew katika mkusanyo uitwao CAB 128, na karatasi walizosoma mawaziri kabla ya kikao ziko CAB 129. Barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika ziko CO 691. Mabishano ya bungeni yamechapwa neno kwa neno katika Hansard, ambayo unaweza kuisoma mtandaoni bure ukiwa Dodoma.

Mtafiti mwingine atageuza swali kabisa: mama wa nyumbani wa Leeds au Cardiff aliuonaje mradi huu akiwa kwenye foleni ya majarini? Na hilo nalo lina pa kutafutwa. Mwaka 1937 kulianzishwa kundi lililoitwa Mass Observation, likawaomba watu wa kawaida waandike shajara za maisha yao ya kila siku. Maelfu ya kurasa hizo yametunzwa na Chuo Kikuu cha Sussex. Swali la tatu: vibarua Wagogo waliokuwa wanang'oa visiki walisema nini? Hapa karatasi za London zinakauka. Vibarua wanaonekana kama hesabu ya mishahara na taarifa za migomo. Mtafiti mzuri anatambua ukimya huo mapema, anarudi kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na akibahatika anamkuta babu anayekumbuka alichosimuliwa na baba yake.

Hicho ndicho kinachofundishwa katika ngazi za juu, na kwangu mimi hakuna kingine chenye thamani kuliko hicho: kupata swali dogo la kutosha, kisha kujua karatasi gani inaweza kulijibu na ipi haiwezi.

Karatasi haziko huru

Watu wengi hudhani Waingereza wametunza kila kitu, na kwamba kilichotunzwa kiko wazi. Yote mawili si kweli.

Kwanza kuna muda. Sheria ya mwaka 1958 ilifungia nyaraka za serikali kwa miaka 50. Mwaka 1967 ikashushwa kuwa 30, na kuanzia 2013 ikaanza kushushwa hatua kwa hatua hadi 20. Sensa hufungwa miaka 100: ile ya 1921 ya England na Wales ilifunguliwa Januari 2022. Ile ya 1931 iliungua kwenye moto mwaka 1942, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kwa hiyo sensa itakayofuata kufunguliwa kwa England na Wales ni ya 1951, yaani mwaka 2052.

Pili kuna kufichwa, na hapa ndugu zetu wa Kenya wana ushahidi wa kutosha. Wazee walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mwaka 2009, wanahistoria waliosaidia upande wao, akiwamo David Anderson na Caroline Elkins, walishikilia kwamba kuna karatasi ambazo hazijaonekana. Mwaka 2011 serikali ilikiri: katika jengo lake la Hanslope Park kulikuwa na mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37, yaliyosafirishwa kimyakimya kabla ya bendera kushushwa. Mengine yalikuwa yamechomwa moto kwa maagizo. Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni na kueleza masikitiko ya serikali yake, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Mafaili hayo sasa yanasomwa Kew chini ya alama FCO 141.

Hebu tulia hapo kidogo. Watu waliosomea kuhoji karatasi waliweza kumwambia jaji nini kinakosekana rafuni. Ujuzi huo unajengwa kwa miaka, katika vyumba vya kusomea ambamo huruhusiwi hata kuingia na kalamu ya wino. Ni penseli tu.

Nami naamini hiyo ni sababu tosha ya Waafrika Mashariki kuwamo katika vyumba hivyo. Sehemu ya kumbukumbu zetu imelala kule, imepangwa kwa mantiki ya ofisi za kule. Asiyeijua historia ya wizara zao, vyama vyao na mivutano yao hatajua afungue sanduku lipi.

Dhana nyingine, kwa haraka

"Ni kusoma wafalme na malkia." Sivyo tena. Katika semina za leo utakuta historia ya huduma ya afya ya taifa iliyoanza Julai 1948, ya migomo ya wachimba makaa, ya wanawake na kura, ya wahamiaji kutoka Karibi, ya nyumba za halmashauri. Kuna ubishi mkali kuhusu himaya yenyewe: Bernard Porter amesema Mwingereza wa kawaida hakuijali sana; Catherine Hall na wenzake wanaonyesha ilivyoingia katika nyumba, mitaji na fikra zao. Hall aliongoza mradi wa Chuo Kikuu cha London, UCL, uliofuatilia pauni milioni 20 walizolipwa wamiliki wa watumwa utumwa ulipokomeshwa, jina kwa jina. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Kubishana na waliotangulia namna hii ndiko kunakoitwa historiografia, na kila tasnifu lazima ioneshe inasimama wapi katika ubishi huo.

"Ni somo la wenyewe." Eric Williams wa Trinidad alipata uzamivu wake Oxford mwaka 1938 kwa kuchunguza kwa nini Uingereza ilikomesha biashara ya watumwa na utumwa. Alipinga hadithi kwamba ilikuwa huruma tupu, akaelekeza macho kwenye uchumi, na hoja yake inajadiliwa mpaka leo. Baadaye aliiongoza nchi yake kupata uhuru. Na njia hupita pande zote mbili: Terence Ranger, profesa wa kwanza wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa ameandika tasnifu juu ya mtawala mmoja Mwingereza katika Ireland ya karne ya 17. Alichojifunza kuhusu walowezi na ardhi kule hakikumpotea alipofika huku.

"Bila uzamivu huwezi kuwa mwanahistoria." A. J. P. Taylor na E. P. Thompson, wawili kati ya wanahistoria wakubwa wa Uingereza katika karne iliyopita, hawakuwa nao. Lakini zama zimebadilika, na anayetaka kufundisha chuo kikuu leo atauhitaji.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ada ya mwanafunzi wa kigeni ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mwenyeji, na bila ufadhili wachache sana wanaimudu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, hutaka uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na hukutaka urudi nyumbani ukimaliza. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una nafasi za uzamili na za uzamivu. Tangu Januari 2024, anayekwenda kwa uzamili wa darasani bila ufadhili wa serikali haruhusiwi kuandamana na mwenza au watoto. Anayekwenda kwa uzamivu anaruhusiwa. Mtanzania akirudi na cheti, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo inayokitambua, kwa hiyo uliza TCU kabla ya kulipa chuo chochote hata shilingi.

Barua ya kwanza

Kinachobaki ni barua unayomwandikia msimamizi unayemtaka. Wengi huandika: "Mheshimiwa Profesa, ningependa kufanya utafiti kuhusu uhusiano wa Uingereza na Tanganyika katika kipindi cha ukoloni." Profesa anapokea barua za aina hiyo kila wiki na hana la kuzijibu, maana hazijauliza kitu.

Mwingine aliyekwisha kupekua Hansard na katalogi ya Kew akiwa nyumbani kwake ataandika hivi: "Ripoti ya Wakefield ilipofika mezani kwa waziri wa chakula, John Strachey, kulikuwa na watu Tanganyika waliokwisha kupima mvua ya maeneo ya jirani na Kongwa kwa miaka. Nataka kujua takwimu zao ziliishia ofisi gani."